Haki ya Njia: Ukuta Wako Usiwe Dhulma kwa Wapitao

  

Ndugu Waislamu, miongoni mwa mambo yanayozidi kuwafarakanisha majirani katika mitaa na vijiji vyetu vya pwani ni mizozo ya njia za miguu. Njia iliyopitwa na mababu kwenda baharini, kisimani, makaburini au msikitini, watu huamka asubuhi wakaikuta imezungushwa seng'enge, na baada ya muda seng'enge ile hugeuka kuwa ukuta wa matofali. Wapitao husema: hii ni njia yetu tangu enzi na dahari. Mwenye kiwanja husema: hii ni ardhi yangu, nimeinunua kwa mali yangu, na hati ninayo. Kila mmoja huapa, na kila mmoja huona kuwa yeye ndiye aliyedhulumiwa. La kusikitisha ni kwamba mara nyingi wote wawili husimama safu moja katika Swala, kisha wakatoka msikitini bila ya kupeana salamu.

Wapo wadhanio kuwa dini haina la kusema katika jambo hili, na kwamba hilo ni la maafisa ardhi, wapima na mahakama peke yao. Dhana hiyo si sahihi. Dini iliyohesabu kuondosha udhia njiani kuwa ni tawi miongoni mwa matawi ya imani, kama ilivyothibiti katika Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) aliyoipokea Imam Muslim, haiwezi kunyamaza pale njia yenyewe inapoondoshwa. Ikiwa mwiba uliolala njiani una hukumu, ukuta una hukumu kubwa zaidi.

NJIA HUFUNGWA VIPI

Kabla ya kuhukumu, yatupasa tulielewe jambo lenyewe. Zamani mashamba yetu ya minazi hayakuwa na kuta. Mwenye shamba alikuwa na minazi yake, na watu walipita chini yake kwenda pwani au kuteka maji, naye hakuona tabu. Mzee yule akafa, warithi wakagawana shamba vipande vipande, na kila mmoja akauza chake. Mnunuzi akaja na mpima, bikoni zikafukiwa ardhini, na ramani ikachorwa kwa mistari iliyonyooka. Njia, ambayo haikupata kuandikwa popote isipokuwa katika nyayo za watu, haikuonekana katika ramani ile. Hati ikatoka bila ya kuitaja.

Hivyo basi, si kila afungaye njia ni mporaji wa makusudi. Wengine wamenunua kwa nia njema, wakalipa bei kamili, na muuzaji hakuwaambia kitu. Lakini kutotajwa katika karatasi si kufutwa. Muuzaji hawezi kuuza zaidi ya alichokuwa nacho: kama aliyekuwa mwenye shamba hakuwa na haki ya kuwazuia wapitao, basi aliyenunua kutoka kwake hakununua haki hiyo.

Na tusidhani kuwa madhara yake ni madogo. Mvuvi aliyekuwa akishuka na nyavu na mashine ya boti begani kwa hatua chache, sasa hulazimika kuzunguka mbali kutafuta upenyo. Akina mama wa mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989 na ambalo wakulima wake wengi ni wanawake, hubeba magunia yaliyolowa maji ya bahari. Kwao kila hatua iliyoongezwa ni mzigo juu ya mzigo. Watoto waliokuwa wakienda chuoni kwa njia ya ndani hulazimika kupita ukingoni mwa barabara kuu penye magari. Na maiti wetu, ambao tumeamrishwa tuharakie kuwazika, majeneza yao hupitishwa kwa kuinamishwa ubavu kati ya kuta mbili. Nani atakayesema kuwa haya si mambo ya dini?

AINA TATU ZA NJIA

Mizozo mingi hukosa ufumbuzi kwa sababu watu huchanganya njia za aina mbalimbali, ilhali Maulamaa wa fiqhi walikwisha kuzipambanua. Tunaweza kuzifupisha katika aina tatu.

Ya kwanza ni njia ya watu wote, ile inayotokea upande wa pili na ambayo hana mmoja aliyeimiliki. Hii haiuzwi, hairithiwi wala haifungwi. Imam An-Nawawi katika kitabu chake Minhaj, ambacho hakigeni katika darsa za pwani yetu, ameeleza kuwa yeyote haruhusiwi kufanya katika njia ya aina hii jambo lenye kuwadhuru wapitao, na kwamba ni haramu kujenga kibaraza ndani yake au kupanda mti, ingawa ipo kauli iliyoruhusu pasipo na madhara. Zingatia, ndugu msomaji: ikiwa kibaraza na mti vimeharimishwa kwa kuchelea kuwabana watu, itakuwaje geti lenye kufuli na mbwa nyuma yake?

Ya pili ni haki ya kupita katika ardhi ya mtu. Ardhi ni yake, lakini wengine wana haki thabiti ya kupita, kwa sababu ya makubaliano, au wasia, au mgawanyo wa mirathi, au kwa kuwa wamepita tangu zamani na hakuna anayejua mwanzo wake. Majalla, mkusanyiko wa hukumu za fiqhi ya Kihanafi uliotolewa na Dola ya Uthmaniya kati ya mwaka 1869 na 1876, umeweka kanuni kwamba jambo la kale huachwa kama lilivyokuwa, na papo hapo ukaongeza kwamba madhara hayahalaliki kwa sababu ya ukale wake. Kanuni ya kwanza inamlinda mpitaji, na ya pili inamlinda mwenye ardhi. Katika aina hii mwenye ardhi anaweza kujenga, kulima na kufanya atakalo, maadamu haibatilishi haki ya wengine.

Ya tatu ni ruhusa tu. Mtu amewaachia majirani wapite uwanjani mwake kwa ihsani, hali ya kuwa wanayo njia nyingine na wote wanajua kuwa hiyo ni hisani. Huyu akiamua kuirudisha ruhusa yake hakumdhulumu mtu, wala haifai kumtukana au kumwita mnyang'anyi. Bali yampasa kushukuriwa kwa miaka aliyowaachia.

Ukiichunguza mizozo yetu, utaona kuwa wafungao njia hudai kila njia ni ya aina ya tatu, na wapitao hudai kila njia ni ya aina ya kwanza. Kinachoamua si ukali wa sauti, bali ni ushahidi. Na kanuni ya Sharia ni mashuhuri: mdai ndiye mwenye kuleta ushahidi, na mkanushaji ndiye mwenye kuapa. Wazee waliozaliwa hapo, majirani waliouziana, ramani za zamani, kisima au kaburi la kale ambalo haliwezi kufikiwa ila kwa kupita hapo, yote haya ni ushahidi wa kuzingatiwa.

DALILI ZA SHARIA

Mtume (S.A.W.) hakuliacha suala la njia bila ya kipimo. Katika Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, amehukumu kwamba watu wakizozana kuhusu upana wa njia, basi iwe dhiraa saba. Hizo ni takriban mita 3. Maulamaa wameeleza kuwa makusudio ni njia itoshe mahitaji ya wapitao na mizigo yao, wala si kuifanya finyu njia ambayo ilikuwa pana. Angalia hekima iliyomo: hakumkataza mwenye ardhi kujenga, wala hakumwachia aimeze njia. Amempa kila mmoja kadiri ya haki yake.

Katika Hadithi ya Said bin Zayd (R.A.), nayo imepokewa na Bukhari na Muslim, limekuja onyo kwamba mwenye kuchukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni siku ya Kiyama kiasi hicho kutoka ardhi saba. Na katika Hadithi ya Ali (R.A.) kwa Muslim, amelaaniwa mwenye kubadilisha alama za ardhi. Basi na amuogope Mola wake yule ahamishaye bikoni usiku, na yule mpima apokeaye bahasha ili mstari upite juu ya njia ya watu.

Ama kanuni ya jumla ni ile ya Hadithi mashuhuri aliyoipokea Ibn Majah, na ambayo Imam Malik ameipokea kwa isnadi mursal katika Muwatta, kwamba haifai kudhuru wala kulipizana madhara. Katika Muwatta hiyo hiyo imo habari ya Dahhak bin Khalifa, aliyetaka kupitisha mfereji wake wa maji katika ardhi ya Muhammad bin Maslama. Muhammad akakataa, juu ya kuwa mfereji ule haukumdhuru kitu, na yeye mwenyewe angenufaika nao. Umar bin Al-Khattab (R.A.) alimtaka amruhusu nduguye, na alipoapa kuwa hataruhusu, Umar naye akaapa kuwa maji yale yatapita hata kama ni juu ya tumbo lake, akaamrisha yapitishwe. Kweli Maulamaa wamekhitalifiana kama hukumu hiyo ni ya lazima katika kila hali. Lakini hapana anayekhitalifu kuhusu ubaya wa tabia aliyoikemea Umar: kumzuilia ndugu yako jambo linalomfaa yeye na halikudhuru wewe.

SHERIA ZA NCHI

Wapo wasemao: hayo ni ya vitabuni, lakini sheria ya nchi inamlinda mwenye hati. Nao hawakuisoma vyema sheria hiyo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kuwa ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na sheria hiyo hiyo imeweka utaratibu wa haki za kupita katika ardhi ya mwingine na njia za umma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kwa Kenya, Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 62, imehesabu ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatambua njia za umma.

Lakini itafaa nini bahari kuwa ya wote ikiwa hapana pa kuifikia? Mwenye kuzunguka ufukwe kwa kuta zisizo na upenyo hakuifunga bahari kwa jina, ameifunga kwa vitendo. Na kanuni ya fiqhi ni kwamba njia ya kufikia jambo huchukua hukumu ya jambo lenyewe.

Hata wasiokuwa Waislamu wamelihangaikia suala hili. Nchini Uingereza, tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya watembeaji waliingia katika mlima wa Kinder Scout uliozuiliwa na wenye ardhi, na baadhi ya vijana wao wakafungwa jela. Miaka 17 baadaye, kwa sheria ya mwaka 1949, serikali za majimbo ziliamrishwa kuchora ramani rasmi za njia za miguu, na njia iliyothibiti katika ramani hizo haipotei kwa sababu tu shamba limeuzwa. Sisi hatuwaigi watu hao katika dini yao, lakini tunasema: wao wameandika njia zao, na sisi wenye Hadithi ya dhiraa saba njia zetu zimo vichwani mwa wazee ambao kila mwaka tunawazika.

WAPITAO NAO WANA WAJIBU

Uadilifu hauwi uadilifu mpaka usikilize pande zote. Wenye ardhi wana malalamiko ya kweli. Wapo wapitao wanaoangua nazi zisizo zao, wanaoacha takataka, wanaokanyaga mihogo kwa kukata kona, wanaochungulia madirisha ya watu, na vijana wanaoifanya njia kuwa kijiwe cha mambo machafu. Mtume (S.A.W.), katika Hadithi ya Abu Said Al-Khudri (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, alipowataka Swahaba waipe njia haki yake alizitaja haki zenyewe: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Basi njia haikupewa mpitaji haki tupu bila ya wajibu.

Abu Dawud amepokea habari ya Samura bin Jundub, ambaye alikuwa na mitende ndani ya bustani ya Answari mmoja, akawa huiingia na kumuudhi mwenye bustani na familia yake. Mtume (S.A.W.) alimtaka auze, akakataa; abadilishane, akakataa; atoe zawadi kwa ahadi ya malipo, akakataa. Ndipo alipomwambia kuwa yeye ni mwenye kudhuru, akamwamrisha Answari aing'oe mitende ile. Wapo wataalamu wa Hadithi walioitia ila isnadi yake, kwa kuwa mpokezi hakuthibiti kusikia kwa Samura, lakini maana yake inaungwa mkono na Hadithi ya kukataza madhara. Haki ikitumiwa kwa ajili ya kuudhi, hupoteza heshima yake.

Kwa hivyo, mwenye nyumba akihitaji stara ya wake na binti zake, hiyo ni haja ya kisharia, na wapitao hawana ruhusa ya kuidharau. Dawa yake ni kuiwekea njia ukuta kwa pembeni, au kuisogeza ubavuni mwa kiwanja kwa maelewano huku upana wake ukibaki. Stara haihitaji kuifuta njia.

WANAOJUA NA KUNYAMAZA

Tunalolichelea zaidi ni kunyamaza kwa wenye kujua. Katika baadhi ya mitaa aliyefunga njia ndiye aliyeleta mazulia ya msikiti, ndiye alipaye umeme na ndiye afuturishaye watu Ramadhani. Imamu anajua, wanakamati wanajua, wazee wanajua, lakini Ijumaa baada ya Ijumaa khutba huzungumzia kila dhulma ya duniani isipokuwa ile iliyo hatua 50 kutoka mimbarini. Allah (S.W.) ametuamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, tusimamishe uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili Yake japokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa wa karibu, awe mtu huyo tajiri au masikini.

Zulia la msikiti halinunui njia ya watu. Mwenye kutoa sadaka huku ameziba haki ya majirani ni kama mwenye kulipa deni la mmoja kwa mali ya mwingine. Kumnasihi mtu kama huyu, kwa siri na kwa adabu, ni kumpenda. Kumnyamazia kwa kuchelea msaada wake usikatike ni kumwacha aende kwa Mola wake na shubiri za ardhi shingoni. Na masikini aliyezungushwa anatutazama. Atajifunza nini kuhusu daawa yetu akiona kuwa tunakemea makosa ya wanyonge na kuyafumbia macho ya wenye uwezo?

NINI KIFANYIKE

Kwanza, kila jamaa ya msikiti iketi na wazee wa mtaa, serikali ya mtaa au sheha, waziorodheshe njia za kale maadamu wenye kuzijua wapo hai, wazipime upana, waandike na kushuhudia.

Pili, wenye kugawana mirathi watenge njia kabla ya kugawa vipande, ili yule wa nyuma asikose pa kutokea. Mgawanyo unaomfungia ndugu ndani ni mgawanyo wa dhulma hata kama mafungu ni sawa.

Tatu, mwenye kununua kiwanja aulize majirani kabla ya kulipa, wala asitosheke na karatasi. Na muuzaji afichaye njia amefanya ghushi.

Nne, wenye uwezo waweke njia kuwa waqfu. Tumezoea waqfu wa visima na misikiti, nao ni wema mkubwa. Lakini ukanda wa mita 3 unaofikisha watu kisimani na msikitini ni sadaka yenye kuendelea: kila mguu upitao baada ya kufa kwako una sehemu yako.

Tano, mzozo ukizuka upelekwe katika sulhu kwanza. Kwa Tanzania Bara, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kazi ya Baraza la Kata katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha na si kutoa hukumu. Basi Waislamu wanaoijua Sharia wasikae mbali na mabaraza hayo. Sulhu ikishindikana, vyombo vya sheria vipo.

Sita, tunawausia vijana wasivunje kuta za watu usiku. Mwenye kubomoa kwa hasira humpa aliyedhulumu kisingizio cha kuwa yeye ndiye mwenye kudhulumiwa, na ukuta hurudi ukiwa mrefu zaidi. Ubaya hauondoshwi kwa ubaya mkubwa kuliko wenyewe.

Ndugu zetu wenye viwanja, ardhi hii mliikuta na mtaiacha. Kila mmoja wetu atatolewa nyumbani kwake akiwa juu ya mabega ya watu, na siku hiyo atahitaji njia ya kupitishwa. Basi muiache njia ingali mikononi mwenu kuiacha.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuoneshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuoneshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka, na aziunganishe nyoyo za majirani waliohasimiana. Wabillahi tawfiq.